Malaika Haondoki Nyumba Yenye Mgonjwa

Palmira ya Juu, 2 Agosti 1953

Shangazi yangu Saturnina,

Naomba baraka yako. Mimi ni mzima, nyumbu ni mzima, na Malaika Rafaeli ni mzima kutushinda sote, maana sanamu yake ina kasha la kioo na turubai juu yake, na mimi nina kofia ya majani iliyokwisha kuwa uji. Natumaini magoti yako yametulia na kuku wameacha kufa. Ukimwona Bi Herminia mwambie lile shuka la plastiki alilonipa linavuja pale pale alipoapa kwamba halivuji.

Mwezi mmoja sasa tangu nitoke Ojo de Venado na malaika mgongoni. Nyumba ishirini na mbili zimekwisha kumpokea. Nafanya kama ulivyoniagiza: analala nyumba moja usiku mmoja, wanasali rozari, wanamwekea maua na mahindi machanga miguuni, asubuhi namfunga tunaendelea. Hakuna aliyekataa kutufungulia. Bibi mmoja alimkausha samaki wa malaika kwa leso yake, akisema maskini, mtoto huyu amebeba samaki miaka yote na hajawahi kumla.

Shangazi, mvua ya huku milimani hainyeshi, inakaa. Natembea asubuhi nzima ndani ya wingu. Nasikia kengele ya ng'ombe, simwoni ng'ombe. Juzi niliongea njiani na mwanamke mmoja karibu nusu saa, tukazungumza mahindi yake na jino lake na mumewe mvivu, tukaagana vizuri, na uso wake sikuuona. Mchana nyani wananguruma msituni, ndipo najua mvua yenyewe inakuja, kwa sababu hii nyingine wenyeji hawaihesabu kuwa mvua. Tandiko limeota ukungu wa kijani. Jana nilikuta chipukizi la mharagwe mfukoni mwa koti langu, na limesimama wima kabisa. Kuna saa sijui kama natembea, au nimelala juu ya nyumbu naota kwamba natembea.

Usijali kuhusu sikukuu ya malaika. Nimebakiza nyumba hamsini hivi, kisha nateremka. Tarehe ishirini Oktoba nitakuwa mlangoni kwako, nimelowa, nina njaa.

Mpwa wako,
Leoncio


Ojo de Venado, 19 Agosti 1953

Leoncio,

Mungu akufanye mtakatifu, ingawa kazi hiyo naona itamchukua muda. Barua yako ilifika imelowa, nikaianika juu ya jiko pamoja na soksi. Magoti yananiuma. Kuku wamebaki wanne. Nguruwe jike amezaa saba, mmoja ana sura ya katibu wa kamati, sitakwambia zaidi.

Habari za mharagwe mfukoni nimezisoma. Nilikutuma utembeze malaika, sikukutuma uwe shamba.

Sasa sikiliza. Herminia amesimama mbele ya kamati nzima, amevaa viatu vya Jumapili siku ya Jumatano, akasema: "Malaika asipokuwa kanisani jioni ya tarehe ishirini na tatu Oktoba, funguo zibadilishe shingo." Hivyo hivyo. Na mafala wale wakatikisa vichwa kukubali. Kosa langu ni moja, kwamba mwaka jana nilimwambia sauti yake kwenye litania inawatia kichefuchefu waumini. Nilisema kweli.

Wewe unajua funguo hizi ni nini kwangu. Macario alipokwenda Puntarenas kuuza ng'ombe wawili na asirudi, mwaka ule wa ishirini na saba, kijiji kizima kilinipa jina. Nikipita, "yule aliyeachwa." Nikinunua chumvi, "mpimie yule aliyeachwa." Nilipopewa funguo za kikanisa ndipo wakaanza kuniita mtunzaji. Miaka ishirini na tano sasa. Sina mume, sina mtoto, nina malaika. Kwa hiyo usinichezee. Kaza mwendo, usikubali kahawa ya pili, na kabla hujaingia nyumba yoyote uliza kwanza langoni kama kuna mgonjwa. Unajua kwa nini.

Shangazi yako,
Saturnina


Cerro Mojado, 6 Septemba 1953

Shangazi yangu,

Naomba baraka yako, na safari hii naiomba nikiwa nimepiga magoti. Mimi ni mzima. Nyumbu ana kikohozi. Nguruwe hongera.

Sikuuliza langoni.

Ngoja nikueleze kabla hujatupa barua. Ilikuwa siku ya tatu ya ile mvua isiyokata. Njia ilikuwa imegeuka kijito, mimi na nyumbu tunatembea ndani yake kama tuliozaliwa majini. Nikaona nyumba moja peke yake juu ya ukingo wa mto, moshi unatoka, mlango uko wazi. Nilikimbia na kasha mikononi, nikaruka kizingiti, nikamweka malaika juu ya meza ya kwanza niliyoiona. Nikageuka kusema hodi. Nikamwona mzee amelala kitandani na msalaba wa mafuta bado unang'aa kwenye paji la uso. Padre alikuwa amempaka mpako wa mwisho asubuhi ile ile.

Basi. Sheria ni ile uliyonifundisha wewe mwenyewe nikiwa bado nanyonya: Rafaeli ni malaika wa wasafiri na wa wagonjwa, akiingia penye mtu aliyepakwa mafuta hatoki mpaka mtu huyo ainuke au abebwe kwenda kuzikwa. Anayeweza kumwachia ni mgonjwa, akiombwa ruhusa na mtunzaji.

Mzee anaitwa Cupertino. Anatunzwa na binti yake wa pekee, Delfina, mwenye miaka ishirini na tatu. Mama amekufa zamani. Ni watu wema. Binti anaoka rosquilla, zile biskuti za jibini, ambazo, samahani, zimezishinda zako. Padre alisema mzee hafiki Jumapili. Jumapili imepita, na leo amekula ndizi mbili.

Nasubiri. Nimetengeneza mlango wao, nimeziba paa, nimefundisha kuku kulala ndani ya kapu. Mvua inapiga majani ya migomba mchana kutwa, na ukiisikiliza sana inaanza kuita majina. Jana iliita langu, nikaitika.

Leoncio


Ojo de Venado, 17 Septemba 1953

Leoncio,

Mungu akufanye mtakatifu upesi, maana akichelewa nitakuua.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nimemwona mgonjwa. Mara ya pili nimemwona binti. Miaka ishirini na tatu, eti. Rosquilla, eti. Unafikiri mimi nimezaliwa jana? Mzee aliyepakwa mafuta anakula ndizi mbili! Mwulize huyo mzee kama hataki na mtindi. Kuna sketi hapo, Leoncio. Ukiwa na miaka kumi na tisa ulikwama siku kumi Santa Bárbara kwa sababu ya "mto uliofurika," na mto wenyewe uliitwa Ernestina.

Kama ni sketi, sema, nitakusamehe baada ya miaka mitatu. Kama ni mgonjwa kweli, niandikie yeye ni nani, wa ukoo gani, katoka wapi. Nimeuliza watu wa mlimani wanaokuja sokoni. Hakuna anayejua Cupertino wa Cerro Mojado alizaliwa wapi. Mtu mzima bila kwao ananitia wasiwasi.

Herminia ameshona kitambaa kipya cha altare. Zambarau. Anasema "kwa ajili ya mabadiliko."

Zimebaki wiki tano. Nasema tena: wiki tano.

Saturnina


Cerro Mojado, 28 Septemba 1953

Shangazi yangu mpenzi,

Naomba baraka yako. Kaa chini kwanza. Kama umesimama uani, ingia ndani ukae.

Nimekuficha jambo kwa wiki mbili. Nilijiambia mzee atakufa na jambo litakufa naye, na wewe utapata malaika wako bila kujua. Lakini hafi, na wewe unanituhumu sketi, na mimi siwezi tena kulibeba peke yangu.

Asubuhi akili yake huwa safi. Siku moja nilikuwa nafuta kioo cha kasha, naye ananitazama. Akasema, "Kidole bado hakijaota?"

Nikamwambia, "Hapana, mzee. Kililiwa na mchwa, kabla sijazaliwa."

Alicheka hadi Delfina akaja kumshika mgongo. "Mchwa! Nani kakudanganya? Nilikivunja mimi. Siku ya harusi yangu, nimelewa mvinyo wa mitende, nikataka kumpa malaika mkono. Bibi harusi akakiokota, akakificha kwenye mtungi wa chumvi, akawaambia watu ni mchwa. Usoni hakubadilika hata kidogo. Mwanamke yule angeweza kumdanganya askofu."

Delfina alikuwa anakoroga sufuria. Mwiko ukasimama.

Shangazi, hakuna Cupertino. Ni Macario. Mimi nilikuwa na miaka minane alipoondoka, nakumbuka kofia yake tu na harufu ya tumbaku. Amekonda, mkono wake ukiushika ni kama mpini wa jembe. Binti yake hakujua lolote, si jina, si wewe. Siku mbili hakumsemesha baba yake. Siku ya tatu akamwosha miguu kama kawaida, akilia.

Nilimwuliza mzee kwa nini hakurudi. Akasema ng'ombe waliuzwa vizuri, akaenda kusherehekea kidogo, na sherehe ikawa ndefu, na aibu ikawa ndefu kuliko sherehe. Ni hayo tu aliyosema. Sikuyaongeza.

Kisha akauliza, "Mtunzaji ni nani siku hizi?"

"Shangazi Saturnina."

Alifumba macho. Akasema, "Basi ruhusa aje aiombe yeye. Kwa kinywa chake."

Anaijua sheria, Shangazi. Amemshika malaika ili uje. Nimemkasirikia, nimemwambia ana roho mbaya. Akajibu, "Si mbaya, mwanangu. Inaogopa tu."

Uje au usije, niambie la kufanya. Wewe ukiomba atamwachia siku hiyo hiyo, na sikukuu tutaiwahi.

Leoncio


Ojo de Venado, 8 Oktoba 1953

Leoncio,

Mungu akufanye mtakatifu.

Mvua imeng'oa bati mbili za jikoni. Nguruwe wadogo wanaendelea vizuri, yule katibu amenenepa. Herminia aliniuliza barua yako inasema nini nikamwambia unaumwa jino.

Kuhusu lile jambo lingine sina neno.

Nitakwenda Nicoya siku chache kumwona daktari wa magoti. Barua ikichelewa usishangae.

Saturnina


Cerro Mojado, 17 Oktoba 1953

Shangazi,

Naomba baraka yako. Magoti hayajambo? Daktari alisema nini?

Nakuuliza kwa sababu leo amekuja hapa Cleto, mwenye mtumbwi wa kivukoni, kutaka mafuta ya taa. Amekaa, amekunywa kahawa, ametueleza kioja. Anasema tarehe kumi na mbili alifika mwanamke mmoja ng'ambo ya pili, juu ya nyumbu wa kukodi. Mrefu, kavaa kofia ya kiume, shingoni kajifunga kamba yenye funguo. Akakaa chini ya banda la kivuko. Siku hiyo mto ulikuwa mkali, hakuna wa kuvuka. Kesho yake ukatulia kabisa. Cleto akavuka kwenda kumchukua, akamwambia, "Haya, mama, mto umelala."

Akajibu, "Nauona."

Akakaa. Cleto anasema alikaa mchana kutwa anatazama upande huu, hakula, kahawa aliikataa. Alasiri akapanda nyumbu wake akarudi alikotoka.

Cleto aliona ni mwendawazimu. Mimi niliangalia chini. Mzee alikuwa macho. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kofia hiyo ina ukingo mpana? Ya rangi ya kahawia?"

"Hasa," akasema Cleto.

Mzee akageukia ukutani. Alikaa hivyo mpaka Cleto akaondoka. Nilipompelekea maji akaniambia, "Alifika mtoni. Basi. Zaidi ya hapo sina haki ya kudai. Mchukue Rafaeli umpeleke nyumbani."

Kwa hiyo malaika yuko huru tangu mchana huu. Njia ni mwendo wa siku tano kwa miguu, kasha likiwa mgongoni. Nikitoka kesho alfajiri nafika tarehe ishirini na mbili, na funguo zinabaki shingoni kwako.

Lakini, Shangazi, mzee hamalizi wiki. Safari hii ni kweli, hata ndizi hataki. Kila anapozinduka anamtafuta malaika kwa macho kwanza, ndipo Delfina, ndipo mimi. Nimelifunga kasha mara moja na nimelifungua tena. Ninamtuma nduguye Cleto kwa farasi, atakufikia keshokutwa. Niamuru wewe. Ukisema njoo, nitakuja.

Leoncio


Ojo de Venado, 19 Oktoba 1953

Leoncio,

Mungu akufanye mtakatifu, mjanja wewe. Mtu wako amefika leo jioni, kalowa hadi kwenye mifupa, nimempa supu na blanketi. Nimehesabu kwa vidole. Jibu langu litakufikia tarehe ishirini na moja, na kutoka huko ni siku tano. Umeniuliza swali baada ya kulijibu mwenyewe. Hayo nayajua, nilikulea mimi.

Sikwenda Nicoya. Hakuna daktari.

Nilikwenda. Siku tatu juu ya nyumbu wa kukodi mwenye tabia za Herminia. Na ulichoandika mwezi wa nane kuhusu wingu nilikicheka, sasa sikicheki tena. Nilipita shamba la miwa nikasikia watu wanaimba ndani ya mvua, nikasimama kusikiliza, wimbo ukaisha, akatoka ng'ombe. Nilipita kijiji ambacho kila mlango ulikuwa wazi na kila mtu amelala kwenye bembea saa sita mchana, hata mbwa hakunibwekea, nikapita kati yao polepole, nikaona kwamba kama ningeshuka nikalala nao hakuna ambaye angeniuliza jina. Mvua ilinisahaulisha hasira yangu kidogo kidogo. Nikawa naikumbusha. Nasema, Saturnina, kumbuka chumvi, kumbuka walivyokuita. Baada ya kilima kimoja nimesahau tena.

Nikafika mtoni. Nyumba niliiona. Niliona moshi, niliona kamba ya nguo na gauni la njano, nikajua ni la binti. Nilikuona na wewe, Leoncio, juu ya paa, unapiga nyundo kwa mkono wa kushoto kama baba yako.

Mto sikuuogopa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, nimeyaandaa miaka ishirini na sita, mengine mazuri sana. Lakini mtu niliyemchukia muda wote huu ana miaka thelathini na sita na meno yote na kifua cha kuvunja mlango. Nikivuka, yule angekufa mara moja, na mbele yangu angebaki mzee anayehitaji kugeuzwa ubavu. Na mimi ningemgeuza. Unanijua. Ningemgeuza, ningemkamulia ndimu kwenye maji, na hasira yangu yote ingekwenda bure. Sikuwa tayari kuipoteza. Hiyo ndiyo kweli, na inanitia aibu kuiandika. Nikarudi.

Njiani nililia kuanzia Palmira mpaka nyumbani. Watu walidhani ni mvua.

Sasa sikiliza agizo. Usije. Malaika abaki hapo mpaka mwisho, aliachiwa au hakuachiwa. Juzi asubuhi, kabla mtu wako hajafika, nilikwishakwenda kwa Herminia nikamvua zile shanga zake na kumvisha funguo kwa mkono wangu mwenyewe. Alipata kwikwi. Nilisema malaika yuko kwa mgonjwa na hatafika, na anayeona hilo ni kosa atafute malaika mwingine. Shingo yangu ni nyepesi mno, usiku nainuka naitafuta ile kamba. Inaniuma, Leoncio, sitakudanganya kwamba hainiumi.

Msomee Macario maneno haya, usiongeze wala usipunguze:

"Macario. Wale ng'ombe wawili walikuwa wazee, hawakustahili safari ndefu hivyo. Nilikuja mpaka mtoni na zaidi sikuweza. Ulipoondoka mara ya kwanza hukuniaga. Mara hii nakuaga mimi. Nenda salama. Saturnina."

Mwambie na binti kwamba gauni la njano linampendeza.

Shangazi yako


Cerro Mojado, 26 Oktoba 1953

Shangazi yangu,

Naomba baraka yako.

Macario amekufa tarehe ishirini na nne, siku ya Malaika Rafaeli, saa nne asubuhi. Barua yako ilifika siku tatu kabla. Niliisoma kama ulivyoagiza. Kwenye ng'ombe alicheka bila sauti, mabega tu, akasema, "Walikuwa wazee kweli." Akaomba niisome tena. Kwa siku zile tatu nimeisoma mara kumi na nane, Delfina alihesabu. Mwisho alikuwa anaitamka pamoja na mimi, midomo tu. Siku ya kufa nilikuwa nimefika "nakuaga mimi" nikaona midomo haifuati. Nilimalizia sentensi hata hivyo.

Tumemzika juu ya kilima, mbali na mto, kwa jina lake halisi. Watu kumi na wawili walitoka kwenye wingu, sijui walijuaje. Malaika alitangulia mbele mikononi mwangu. Tunasali siku tisa, kisha tarehe tatu Novemba nateremka naye.

Kuna jambo la Delfina. Mto umekula ukingo, nyumba imeanza kuinama, haitamaliza msimu mwingine. Anasema atatusindikiza hadi kivukoni, kisha ataendelea peke yake mpaka Golfito, kwenye mashamba ya ndizi, kutafuta kazi ya kufua. Hamjui mtu huko. Nilimwuliza kama hataki kufika Ojo de Venado, walau akupe mkono. Akakataa kwa kichwa. Nikamsukuma kidogo. Akasema, "Nitamtazamaje? Sijamkosea kitu, lakini kosa lenyewe ni mimi."

Mlango wa kumkaribisha si wangu. Na kabla hujauliza, hapana, Shangazi, hakuna sketi. Nimemwona akimwosha baba yake miguu. Namheshimu kama dada.

Leoncio


Ojo de Venado, 31 Oktoba 1953

Leoncio,

Mungu akufanye mtakatifu. Safari hii nasema bila mzaha.

Sikukuu ilifanyika na altare tupu. Kitambaa cha zambarau na juu yake hakuna kitu. Watu walikuja wengi kuliko mwaka jana, nadhani walitaka kuona kitakachotokea. Walipiga magoti mbele ya nafasi iliyo wazi, na mimi nikakaa nyuma kabisa, mahali ambapo sijakaa tangu niwe msichana. Herminia aliimba litania. Niliivumilia. Mlango wa kikanisa umevimba kwa mvua, yeye hajui unavyosukumwa, kila asubuhi ananiita. Nakwenda, nausukuma kwa nyonga, narudi nyumbani.

Nimevaa nyeusi tangu jana. Wamenishangaa. Nimewaambia nimefiwa na mume, na walionitazama usoni hawakuongeza swali.

Barua hii naituma kwa farasi iwafikie kabla hamjatoka. Sasa peleka haya kwa binti, msomee kama ulivyomsomea baba yake. Mwambie mimi ni mkali, chumvi natia nyingi, na asubuhi sitaki kusemeshwa kabla ya kahawa. Mwambie kosa lilikuwa la watu wawili wazima na mmoja wao tumemzika. Yeye hayumo. Chumba cha nyuma hakivuji. Jana nimekifagia, na kitanda nimekihamisha kikae upande wa dirisha.

Asishuke Golfito. Aje na nguo zake zote.

Shangazi yenu,
Saturnina